Kuku wapya hawajui kwao: kuwazoesha kulala bandani

Kuku uliyemnunua leo ana mahali pake pa kulala, ila si hapa kwako. Kule alikokulia, jua likianza kushuka alijua aelekee wapi, apande ufito upi, alale karibu na nani. Ukimfungulia siku hiyohiyo kwenye ua wako, iwe Bombo, Arua au nyuma ya nyumba ya kupanga Kampala, magharibi ikimkuta atatafuta chochote kilicho juu: tawi la muembe, paa la choo, ukuta wa jirani. Hajakaidi. Usiku haoni, na ndege asiyeona hujiokoa kwa kukaa mbali na ardhi.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Fimbo inachukuliwa, watoto wanaitwa, kuku wanakimbizwa ua mzima mpaka wanaingizwa bandani wakihema. Kesho yake jioni wanalikwepa banda, maana jambo wanalolikumbuka kulihusu ni kule kukimbizwa. Kuku huzoeshwa kwa mwanga, kwa chakula na kwa ufito mzuri wa kulalia, na kazi nzima huchukua siku kumi hadi kumi na nne ikifanywa kwa utulivu.

Saa ya kuku

Sisi wa karibu na ikweta tumerahisishiwa jambo moja kubwa. Jua la Kampala huzama mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, kama saa 12:35 jioni, na huchelewa zaidi katikati ya Februari, kama saa 1:05 usiku. Tofauti ya mwaka mzima ni nusu saa hivi. Arua, kwa kuwa iko magharibi zaidi, jua huzama dakika kumi na kitu baada ya Mbale, lakini huko nako halihamihami sana. Ratiba ya jioni utakayoipanga leo itakufaa Januari hadi Desemba.

Ubaya ni kwamba giza la huku halibishi hodi. Jua likishazama, una kama dakika ishirini za kuona vizuri, basi. Kuku huanza kusogea kuelekea anapolala nusu saa hivi kabla ya jua kuzama, na wa mwisho huingia dakika chache baada ya kuzama. Macho yake ni ya mchana. Rangi anaziona vizuri hata kuliko sisi, lakini mwanga ukififia anakuwa kama kipofu. Giza likimkuta chini atajikunyata palepale, hata kama mlango wa banda uko hatua mbili mbele yake, na usiku kucha hatasogea. Kwa kanu, fungo, kicheche au mbwa wa mtaani, huyo ni chakula kilichopakuliwa.

Mtini nako si salama. Kanu anapanda miti vizuri, na bundi wakubwa hawahitaji kupanda.

Kwa aliye karibu na msikiti, adhana ya Magharibi ni kipimo kizuri kuliko saa ya simu, kwa sababu inalifuata jua. Ikiadhiniwa, kuku wengi wawe tayari ndani na waliobaki wawe mlangoni. Kama bado wanazurura uani, kuna kitu kinawazuia, na mara nyingi kitu hicho kiko ndani ya banda.

Banda liwe tayari kabla ya kuku

Fito zitangulie. Mti wa mkaratusi wenye unene wa sentimita 4 hadi 5, uliomenywa gome, unapatikana kila mahali na vidole vya kuku vinaushika vizuri. Usiache gome, kwa maana chini yake ndiko utitiri unakojificha mchana. Mbao ya inchi mbili kwa mbili nayo yafaa, ikipigwa randa kingo za juu zisiwe kali. Bomba la chuma au la plastiki halifai: linateleza, na kuku aliyeteleza gizani mara moja hapandi tena kwa hiari yake. Usizipigilie fito moja kwa moja. Zilaze kwenye mikato ya mbao kila upande ili uweze kuzitoa, kuzianika juani na kuzirudisha.

Kuku wa kienyeji mmoja anahitaji sentimita 20 za urefu wa ufito. Kuroiler na Sasso, wale kuku chotara wazito, kwa unene wao, sentimita 25 hadi 30. Kuku kumi wa kienyeji kwa hesabu hiyo wanatosha kwenye mita 2, lakini weka mita 2.5, maana kuku mkubwa wa kundi hapendi kubanwa, na mnyonge lazima apate pa kukaa mbali na mdomo wake. Acha sentimita 30 kati ya ufito na ukuta ili mikia isisuguliwe.

Kimo ndicho kinachokosewa zaidi. Kuku wa kienyeji hupanda mita moja na nusu bila taabu. Kuroiler jike aliyekomaa ana kilo mbili na nusu au zaidi, na kila asubuhi akiruka kutoka juu anatua na uzito wote huo kwenye nyayo. Ngozi inachubuka, uchafu unaingia, unyayo unavimba na kuweka gamba jeusi gumu katikati. Kuku mwenye unyayo wa namna hiyo huacha kupanda, halafu mwenyewe analalamika kwamba kuku wake ni wavivu. Kwa wazito, ufito uwe sentimita 40 hadi 50 kutoka sakafuni. Ukiwa na mchanganyiko wa wazito na wepesi, weka fito zote kwenye kimo hicho kimoja. Zikipangwa kama ngazi, kila mmoja atagombea ufito wa juu kabisa na kila jioni itakuwa vita.

Viota viwe chini kuliko fito, bila ubishi. Kuku hulala mahali pa juu kuliko pote anapoweza kupafikia. Kiota kikizidi ufito kwa kimo, hicho ndicho kitakuwa kitanda, na mayai utayaokota yamepakwa kinyesi.

Kama banda limeinuliwa kutoka ardhini, tengeneza ngazi ya ubao wenye upana wa sentimita 20, upigiliwe vijiti kila baada ya sentimita 15, na ulazwe kwa mteremko mpole. Mwinuko mkali humfanya kuku mzito asimame chini akitazama juu mpaka giza linamkuta. Mlango uwe na upana wa sentimita 60 au zaidi. Sababu yake nitaieleza mbele. Sakafuni weka maranda au maganda makavu ya kahawa, sentimita 5 hadi 8. Wanaokaa Luweero au Bugisu huyapata maganda hayo karibu na mashine za kukobolea.

Hewa ipite juu ya vichwa vya kuku wakiwa kwenye fito, kupitia nafasi iliyozibwa kwa wavu mgumu wa nusu inchi. Wavu mwepesi wa kuku unamzuia kuku asitoke, lakini mbwa anaurarua na panya anaupitia. Na tafadhali usizibe pote kwa magunia eti baridi, hata kama unaishi Kabale. Manyoya yanawatosha. Kinachowaumiza ni unyevu na ile harufu kali ya kinyesi inayochoma macho. Ukiisikia wewe uliyesimama, wao wanaivuta usiku kucha. Sigiri ya mkaa ndani ya banda lililofungwa usiiweke kabisa. Moshi wake usioonekana huua kundi zima bila kelele.

Usiku wa kwanza

Walete jioni, wakiwa kwenye tenga lenye hewa. Kuku aliyefungwa miguu kwa kamba na kuning'inizwa kichwa chini kwenye boda boda hufika miguu imekufa ganzi. Ukimweka juu ya ufito ataanguka. Wako wakifika hivyo, kata kamba, walaze kwenye maranda karibu na maji, na usiku huo wasipandishwe.

Saa 11 jioni ni wakati mzuri wa kufika. Bado kuna mwanga wa kunywa maji, lakini hakuna muda wa kuhangaika. Maji yatangulie chakula: lita 2 safi kwa kuku kumi zinatosha usiku huo, halafu nafaka kidogo. Unapowatoa kwenye tenga, mtazame kila mmoja machoni, puani na chini ya mkia. Viroboto wale wanaong'ang'ania hukaa kwenye kishungi na kuzunguka macho, vijidoa vyeusi visivyopukutika, na ni heri uwaone leo kuliko wahamie banda zima. Kisha funga mlango uondoke. Watoto wasichungulie.

Kama saa 1:30 usiku rudi na tochi uliyoifunika kwa vidole ili mwanga uchuje. Utawakuta wamelundikana konani. Anza kuwapandisha kwenye ncha ya mbali ya ufito, urudi ukielekea mlangoni, ili usimgonge uliyekwisha kumweka. Mshike mabawa yakiwa yamebanwa mwilini, mkono mwingine chini ya kifua. Msogeze mpaka sehemu ya mbele ya miguu iguse ufito. Ikigusa tu, atainua mguu mwenyewe na kushika. Usimwachie mpaka usikie uzito wake umehamia kwenye vidole vyake. Atayumba mara moja mbili, kisha atatulia. Anayeruka chini, mpandishe tena. Akiruka mara ya tatu, mwache na utajaribu kesho.

Wiki moja ya kufungiwa

Wafungie siku saba kamili, chakula na maji ndani. Kuku wakubwa waliozoea kulala mitini wape siku kumi. Hii ndiyo sehemu ambayo watu huikatiza, kwa huruma au kwa kuchoka kubeba maji, halafu wanaulipa ufupi huo kwa mwezi mzima wa kuwatafuta kuku kwa tochi. Kuku hukariri mahali kwa kuamkia pale na kulala pale, tena na tena. Siku mbili hazifuti mazoea ya maisha yake yote.

Ili wasidonoane, wape nafasi: kuku wanne kwa kila mita ya mraba, wasizidi. Banda likiwa dogo kuliko hapo, liunganishe na uwanja mdogo wa wavu wenye kifuniko, wautumie mchana. Ning'iniza majani ya sukuma wiki au mchicha kwa kamba, yafike usawa wa vichwa vyao, wapate kazi ya kufanya.

Katika wiki hii unajenga mwito. Kila siku saa 11:45 jioni gonga bakuli lilelile, ita kwa sauti ileile, kisha mwaga nafaka ndani ya banda, upande wa ndani kabisa chini ya fito. Konzi moja kwa kila kuku, kama gramu 30, mahindi yaliyovunjwa au mtama. Kuku mkubwa hula kati ya gramu 100 na 130 kwa siku, kwa hiyo chakula cha asubuhi na mchana kipunguze ili jioni awe na hamu. Akishiba pumba saa 10, bakuli lako litakuwa kelele tu.

Nafaka ya jioni ina kazi nyingine. Kuku hujaza mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, na usiku chakula hicho hushuka na kusagwa polepole. Ukipita kuhesabu, bonyeza hapo kwa kidole. Uliojaa na kushikika vizuri ni habari njema. Mtupu maana yake huyo anafukuzwa kwenye chakula, au anaumwa. Asubuhi uwe umeisha. Ukiwa bado umejaa na mgumu, au unatikisika kama umejaa maji, mtenge.

Kufungua kidogo kidogo

Siku ya nane fungua saa 11:30 jioni, si mapema. Wawe wamekula asubuhi tu. Saa moja ya kuparua haiwapi muda wa kufika mbali, na njaa inawaweka karibu. Keti mahali uwaone. Dakika kumi na tano kabla ya jua kuzama gonga bakuli, mwaga nafaka ndani, kisha usimame pembeni, usizuie mlango. Siku inayofuata fungua saa 10 jioni, baadaye saa 8 mchana, na ikifika siku ya kumi na mbili hadi kumi na nne waache watoke tangu asubuhi. Jioni yoyote wawili au zaidi wakikosea, rudi nyuma hatua moja kwa siku mbili. Usingoje mazoea mabaya yaote mizizi.

Sasa suala la taa. Banda, hasa lililo chini ya muembe au lililoegemea ukuta, huingia giza mapema kuliko ua. Kuku akisimama mlangoni anaona shimo jeusi mbele yake na ua wenye mwanga nyuma yake, naye hatoki kwenye mwanga kwenda gizani. Taa ndogo ya sola ining'inizwe ndani, juu ya fito, iwashwe saa 12:15 jioni. Ikae upande wa ndani, kwa sababu ikiwa mlangoni watalala chini yake. Izime wote wakiwa wamepanda. Ukiizima ghafla nusu yao wakiwa sakafuni, hao watalala sakafuni, na kosa ni la taa. Baada ya wiki mbili au tatu wengi hawaihitaji tena.

Kuna taa nyingine inayovuruga mazoezi haya kuliko giza lenyewe: ile ya usalama, kwenye baraza la nyumba. Ikiwaka kabla kuku hawajaingia, watakusanyika barazani na kulala kwenye viti. Iwashe baada ya kufunga banda.

Wanaokataa

Anayepanda mti huzuiwa kabla hajapanda. Punguza matawi ya chini, ondoa ngazi, tairi au mkokoteni anaoutumia kujiinua, na usogeze mwito wa bakuli uwe mapema kidogo. Akikuwahi, mwache atulie, umfuate giza likishakolea. Kumtoa kwa kumrushia mawe saa 12:40 kutampandisha tawi la juu zaidi. Gizani hushikika kirahisi. Mpeleke kwenye ufito, kila usiku, siku tatu hadi saba mfululizo. Anayeendelea, mkate bawa moja: yale manyoya kumi marefu ya mwisho wa bawa, ukate nusu ya urefu wake kwa mkasi mkali. Bawa moja tu, ili akose mizani. Yatazame kwanza juani. Unyoya ambao bua lake bado ni jeusi au la bluu chini una damu ndani, uruke. Kumbuka kuwa aliyekatwa bawa atahitaji ufito wa chini au ngazi.

Anayelala kiotani mara nyingi ni tembe mdogo anayekwepa kudonolewa kwenye ufito. Ziba viota saa 11 jioni kwa ubao au gunia, kwa kuwa kutaga kwa siku hiyo kumekwisha tangu mchana, na uvifungue alfajiri au uvizibue wote wakishalala. Koo anayetaka kuatamia ni kisa tofauti: huyo yumo kiotani mchana na usiku, amejitutumua, ananguruma ukimgusa. Usimchanganye na mwoga.

Anayelala chini ana sababu, itafute. Ufito uko juu mno, unateleza, umejaa, au miguu inamuuma. Vifaranga walio chini ya wiki sita hadi nane hawajaanza kupanda vizuri, na hapo hakuna tatizo lolote. Wawekee ufito wa sentimita 15 wachezee.

Kisha kuna dalili ambayo hatupendi watu waipuuze: kundi lililokuwa likiingia vizuri, ghafla linakataa. Kuku wanasimama nje mpaka giza, au wanaingia na kutoka. Shuku utitiri mwekundu kabla ya kingine chochote. Mchana haumo mwilini mwa kuku. Umejificha kwenye nyufa na kwenye ncha za fito, na usiku hutoka kunyonya damu. Nenda saa 3 usiku, pitisha karatasi nyeupe chini ya ufito ukiikandamiza. Ukiona mistari ya damu, umeupata. Toa fito, zimwagie maji yanayochemka, zianike juani. Choma matandazo yote. Paka kuta na nyufa chokaa iliyochanganywa na maji. Rudia baada ya siku tano hadi saba, kwa sababu mayai yaliyonusurika yatakuwa yameanguliwa. Nyoka au panya ndani ya banda hutoa dalili hiyohiyo, kwa hiyo tazama pia chini ya viota na kwenye paa.

Waliozaliwa kwenye mashine

Vifaranga wa Kuroiler, Sasso au wa mayai waliokuzwa chini ya taa hawajawahi kuona giza. Umeme ukikatika usiku wa kwanza wanapiga kelele, wanakimbilia kona moja, wanapandana, na asubuhi walio chini wamekufa kwa kukosa hewa. Wazoeshe giza mapema, tangu wiki ya pili au ya tatu, kama joto walilonalo halitoki kwenye balbu hiyohiyo: dakika kumi na tano siku ya kwanza, nusu saa siku ya pili, saa nzima siku ya tatu. Ziba pembe za banda kwa ubao au kadibodi iliyopindwa, pasiwe na kona kali ya kubanana. Ukinunua walio na miezi miwili, muulize muuzaji kama walilala na taa. Jibu likiwa ndiyo, anza nao na taa hafifu usiku kucha kwa siku tatu, kisha upunguze. Kwa hawa, kuwapandisha kwa mkono huenda kukachukua wiki mbili. Hakuna mama aliyewaonyesha.

Ukiwa na kuku wa zamani

Wapya wakae mbali na wa zamani wiki tatu hadi nne, vyombo mbali, wahudumiwe mwisho. Kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, kikiingia na kuku mmoja wa sokoni huondoka na kundi zima. Chanjo yake ya matone wape usiku wakiwa kwenye ufito, tone moja jichoni, na irudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne. Gizani hawapigani nawe.

Baada ya hapo waonane kupitia wavu kwa wiki moja, kisha wapya wawekwe kwenye ufito usiku. Watu husema kuku wakiamka pamoja wanadhani wamekuwa pamoja siku zote. Si kweli. Wanatambuana alfajiri ileile. Usiku unasaidia tu kwa kuwa vita haviwezi kuanza gizani, kwa hiyo uwe bandani kabla ya saa 12:30 asubuhi na ufungue mapema, wenye kushindwa wapate pa kukimbilia.

Jioni, mtazame anayesimama mlangoni. Kuku mkubwa hupenda kujiweka kizingitini na kumdonoa kila mgeni anayekaribia, na wageni wakishadonolewa mara mbili wanaenda kulala nyuma ya jiko. Ndiyo maana tulitaka mlango mpana. Ukishindwa kuupanua, toboa tundu la pili la sentimita 30 kwa 35 upande mwingine, au mwaga nafaka ndani mapema umtoe hapo.

Mvua na siafu

Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, wingu linaweza kuleta giza saa 12:10. Kuku hujibanza chini ya upenu, chini ya gari au ghala, na giza linawakuta hapohapo. Ukiona wingu zito, gonga bakuli mapema, hata saa 11, usingoje ratiba. Baada ya mvua hesabu kwa kugusa, ufito kwa ufito. Kwenye giza la mvua macho hudanganya na kuku mweusi haonekani.

Misimu hiyo ndiyo ya siafu. Kuku aliyefungiwa hana pa kukimbilia, na kundi linaweza kuuawa kwa usiku mmoja. Miguu ya banda lililoinuliwa isimame kwenye makopo yenye oili chafu au mafuta ya taa, makopo yafunikwe mvua isiyajaze. Fyeka nyasi mita moja kuzunguka banda, kwa maana jani moja linalogusa ukuta ni daraja tosha. Majivu yanazuia yakiwa makavu. Yakilowa hayana kazi, yarudishiwe kila baada ya mvua. Ukisikia kelele bandani usiku na ukakuta msafara umeshaingia, fungua mlango kwanza, watoe kuku wote nje au uwahamishie jikoni, halafu ndipo ushughulike na siafu. Usiwarudishe bandani usiku huo. Kesho jioni, washa ile taa ya ndani tena na anza na bakuli mapema, kwa sababu wengi wao watakuwa wanaliogopa banda upya.